Panya akiondoka maabara, nani atachukua nafasi yake?

Aprili 2025, FDA, shirika linalodhibiti dawa na vyakula kule Marekani, lilitangaza mpango wa kuondoa hatua kwa hatua sharti la kujaribu dawa za kingamwili kwa wanyama kabla ya kuzijaribu kwa binadamu. Watetezi wa wanyama walishangilia. Huku kwetu habari ilipita kimya, kana kwamba ni mambo ya Wamarekani na panya wao. Mimi naona inatuhusu, hasa sisi tunaoishi mwambao huu ambako malaria bado inatuchukulia watoto.

Tuanze na kazi ya panya mwenyewe. Mtafiti akitaka kujua jeni fulani inafanya nini mwilini, humtengeneza panya asiye na jeni hiyo, kisha humpima kila kitu: uzani, sukari ya damu, moyo, mifupa, macho, anavyotembea, hata anavyoogopa. Sifa hizo zinazopimwa na kuandikwa ndizo wataalamu wanazoziita fenotaipu. Tangu 2011 kuna muungano wa maabara za nchi mbalimbali unaofanya hivyo jeni baada ya jeni, na panya ana jeni kama 20,000. Si kazi ya mchezo.

Lakini kipimo nacho kina hila zake. Mwaka 1999 maabara tatu, Albany na Portland za Marekani na Edmonton ya Kanada, zilichukua panya wa koo zile zile, vifaa vya aina moja na ratiba moja, zikawapima tabia. Majibu mengine bado yalitofautiana kutoka maabara moja hadi nyingine. Mwaka 2014 watafiti wa Montreal wakagundua kwamba panya wakinusa harufu ya mwanamume huingiwa na wasiwasi hadi maumivu yao yanaonekana kupungua. Akiwapima mwanamke, hali ni tofauti. Fikiria dawa ngapi za maumivu zilipimwa bila mtu kuuliza ni nani aliyeshika panya.

Sasa tuje kwenye malaria. Kimelea kinachoua watoto wetu, falsiparamu, hakimuingii panya wa kawaida wa maabara. Kinachotumika badala yake ni jamaa yake aitwaye berghei, aliyepatikana mwaka 1948 kwa panya wa porini huko Katanga, Congo. Panya wa maabara akiambukizwa aina moja ya kimelea hicho hupata kitu kinachofanana na malaria ya kichwani: hupooza, hutukutika, hufa. Kwa miaka mingi hicho ndicho kioo walichojitazamia watafiti wa dunia nzima.

Kioo chenyewe kina ufa. Kwenye ubongo wa mtoto, mishipa midogo huzibwa na chembe nyekundu za damu zilizobeba vimelea. Kwa panya, zinazojazana zaidi ni chembe nyeupe, askari wa mwili wake mwenyewe. Mwaka 1987 ilichapishwa kwamba kingamwili ya kuzuia kemikali moja ya uvimbe, TNF, iliwaokoa panya. Ikapelekwa Gambia. Watoto 610 wenye malaria ya kichwani waligawanywa, wengine wakapewa dawa hiyo na wengine wasipewe. Matokeo yalitoka 1996: kila upande alifariki karibu mtoto mmoja kwa kila watano, na miongoni mwa walionusurika, waliopewa dawa ndio waliobaki na ulemavu wa ubongo kwa wingi zaidi. Panya hakusema uongo. Alieleza ugonjwa wake, sisi tukadhani anaeleza wetu.

Ugonjwa wetu ulielezwa na watoto wenyewe, na kwa sehemu kubwa ulielezewa hapa. Mwaka 1995 Kevin Marsh na wenzake walichapisha hesabu ya watoto 1,844 waliolazwa Kilifi kwa malaria. Walifariki 64, na 54 kati yao walikuwa wamepungukiwa fahamu, au wanapumua kwa shida, au yote mawili. Degedege tuliyozoea kuiita nyuni ikapata maelezo ya wodini, na dunia ikajua mtoto yupi wa kukimbiliwa kwanza. Hiyo nayo ni fenotaipu, isipokuwa aliyepimwa alikuwa na mama aliyekaa kando ya kitanda.

Ndiyo maana nauliza: panya akipumzishwa, ushahidi utatoka wapi? FDA inataja kompyuta, chembe za binadamu zinazokuzwa maabara, na taarifa za watu waliokwisha tumia dawa. Kompyuta hufundishwa kwa taarifa zilizopo, na nyingi za jeni zilizopo ni za watu wenye asili ya Ulaya. Pengo hilo litazibwa na watu. Kilifi tayari wako watu wazima waliojitolea kudungwa vimelea hai vya malaria chini ya uangalizi wa madaktari. Baadhi yao vimelea havikukua kabisa, wengine walivibeba bila kuugua. Siri hiyo ya kinga panya asingeweza kuitoa, ila damu iliyoitoa ni ya watu wetu.

Sipingi utafiti, wala sitamlilia panya. Tangu chuoni tumefundishwa habari ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa kumfungia paka bila chakula, na mnyama kuepushwa mateso ni jambo jema. Ninachotaka ni masharti ya mwanadamu yakazwe kabla mzigo haujamhamia. KEMRI Kilifi ina wawakilishi wa jamii wanaochaguliwa vijijini. Vizuri, basi waanze kuuliza sasa: sampuli za damu zinazosafirishwa ng'ambo zitatumika kufundishia kompyuta za nani? Fidia ya anayejitolea inapangwaje ili njaa isiwe ndiyo iliyotia sahihi? Nani anamtibu akiugua mwaka mmoja baada ya utafiti kufungwa? Na dawa ikifaulu, zahanati za Ganze na Magarini zitaipata lini, na kwa bei gani?