Mwandishi, mjue wakala kabla hujamkabidhi mswada

Kipya kinyemi, walisema wahenga, ingawa kidonda. Limezuka neno jipya vinywani mwa vijana wetu wanaoandika, nalo ni wakala. Ukiwa Thika utalisikia, na ukishuka Ruiru utalisikia vilevile. Huyu anamtafuta wakala wa kitabu chake. Yule ameshampata na sasa anakusanya pesa za kumlipa. Na wa tatu amekata tamaa, ameutia mswada sandukuni kwa kuwa, ati, asiye na wakala hachapishwi.

Mimi ni mtu wa Mombasa niliyeletwa bara na kazi ya ualimu. Wengi wa vijana hao ni watoto wetu wa Pwani waliokuja kusoma huku, katika Chuo Kikuu cha Mount Kenya kilichoko Thika, au Chuo Kikuu cha Kenyatta pale Kahawa, karibu na Ruiru. Kwa hivyo yamenipasa kusema machache, na wazazi wao walioko Lamu, Malindi na Mvita wayasikie pia, kwani pesa zinazotakiwa mara nyingi hutoka mifukoni mwao.

Neno langu ni hili. Mwandishi wa Kiswahili katika Kenya hana haja ya wakala ili mswada wake usomwe na mchapishaji. Na mtu anayedai alipwe kwanza, ndipo aupeleke mswada, huyo si wakala.

Sisemi kwamba uwakala ni jambo baya. Sisi watu wa Pwani tutalitukanaje, nasi tumeishi na madalali na mawakala tangu enzi za majahazi? Katika sheria yetu, uwakala ni mlango unaojulikana. Mtu huweza kumwakilisha mwenziwe katika kuuza, katika kununua, hata katika kuozesha. Lakini wakala ni amini; ujira wake ujulikane tangu mwanzo, na hana ruhusa ya kuvuka mpaka aliowekewa. Yeyote ajiitaye wakala na apimwe kwa kipimo hicho.

UWAKALA WA VITABU

Kazi hii ya kuwauzia waandishi vitabu vyao ilishika mizizi London katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Anayetajwa kuwa wa kwanza kuifanya kuwa kazi kamili ni A. P. Watt, ambaye alikuwa akikata asilimia 10 ya mapato ya mwandishi. Siku hizi kawaida ya Uingereza na Marekani ni asilimia 15 kwa kitabu kilichouzwa nchini, na 20 kwa kilichouzwa ng'ambo au kutafsiriwa. Zingatia jambo moja: wakala huyo hakati mfukoni mwa mwandishi. Hukata katika pesa alizozileta yeye mwenyewe. Kitabu kisipouzwa, naye hali.

Je, kwa nini wakala wa namna hiyo haonekani kwetu? Watu husema ni kwa sababu tuko nyuma. Mimi nasema ni hesabu tu, na tuipige.

Tuseme wakala wa London amemuuzia mtu riwaya, na mchapishaji ametanguliza pauni 20,000. Asilimia 15 ya hizo ni pauni 3,000. Kwa malipo hayo mtu ataamka asubuhi afanye kazi. Sasa njoo Nairobi. Tuseme riwaya ya Kiswahili inauzwa shilingi 500, mrabaha wa mwandishi ni asilimia 10, na kwa bahati njema zimenunuliwa nakala 1,000 katika mwaka. Mwandishi atapata shilingi 50,000. Wakala akikata asilimia 15 atapata shilingi 7,500. Ni nani atakayesoma miswada mingi, akachagua mmoja, akausahihisha, akabisha milango ya wachapishaji na kungoja mwaka mzima kwa shilingi 7,500?

Hakuna. Na kwa kuwa hakuna, anayejitokeza kuifanya kazi hiyo mara nyingi hatarajii kula katika kitabu. Anatarajia kula kwa mwandishi. Kijana mmoja alinionyesha karatasi aliyopewa na mtu wa namna hiyo. Imeandikwa ada ya kusoma, ada ya kusajili, ada ya kumwona mchapishaji, kila moja na kiasi chake. Nilipouliza ni vitabu gani ambavyo bwana huyo amewahi kuviuza, hakuweza kunitajia hata kimoja.

Wenyeji wa Thika na Ruiru hawahitaji kufunzwa somo hili, kwani wamelisoma katika kahawa. Ruiru ndiko kilikokuzwa kituo cha utafiti wa kahawa, na aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985, imechukua jina la mji huo. Mkulima huchuma, hupeleka kiwandani. Kutoka hapo kahawa huenda kinuni, kisha mikononi mwa wauzaji, mpaka mnadani Nairobi. Kila mkono iliopitia umekata fungu lake. Waulize wazee wa huku watakwambia: mkulima asiyeijua mizani wala bei ndiye anayebaki na shukrani. Mwandishi naye ndivyo alivyo.

THIKA ILIYOUZWA LONDON

Vijana hunijibu kwa hoja moja ambayo si ya kudharau. Husema, "Mwalimu, Thika yenyewe ilijulikana ulimwenguni kwa kitabu." Ni kweli. Elspeth Huxley, binti wa walowezi aliyeletwa huku akiwa mtoto, aliandika habari za utoto wake katika The Flame Trees of Thika, kikachapishwa mwaka 1959, na mwaka 1981 kikafanywa mchezo wa televisheni Uingereza. Ikiwa Thika ya mlowezi iliuzika London, kwa nini ya kwetu isiuzike?

Jibu ni kwamba kitabu kile kiliandikwa kwa Kiingereza, na wanunuzi wake walikuwa huko huko. Soko lilikuwapo kabla ya kitabu. Wakala wa London, hata akiwa mwema kama malaika, hasomi Kiswahili, wala mchapishaji anayemuuzia hakisomi. Ukimpelekea riwaya yako ya Kiswahili ni kama kumpelekea mtu wa nyanda za baridi jahazi: atakusifia mbao, lakini hana pa kulielea.

Basi lipo hitaji la wakala, nalo lina mahali pake. Ukiandika kwa Kiingereza na ukataka wachapishaji wakubwa wa London au New York, wengi wao hawapokei mswada ila kwa mkono wa wakala. Kitabu chako cha Kiswahili kikishapata jina, na watu wakataka kukitafsiri au kukitia katika filamu, wakala anaweza kukufaa. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, huandika kwa Kiingereza na huchapishwa London, na huko wakala ni sehemu ya kazi. Lakini riwaya yake Paradise ya mwaka 1994 ilipotafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi, ilichapishwa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Kila lugha na bandari yake.

Anayemhitaji wakala wa ng'ambo na amtafute hivi. Atazame vitabu vinavyofanana na chake, asome ukurasa wa shukrani, kwani waandishi wengi huwataja mawakala wao hapo. Aandike barua ya ukurasa mmoja: kitabu kinahusu nini, kina urefu gani, yeye ni nani. Atie muhtasari na sura za kwanza kwa kadiri wakala mwenyewe anavyotaka, asizidishe. Kisha asubiri, na akikataliwa aende kwa mwingine. Katika safari yote hiyo asitoe hata senti.

MAWAKALA WETU WA ASILI

Sisi wa Pwani tusidhani kwamba hatukuwa na watu wa kuzisimamia kazi za waandishi. Tulikuwa nao, ila hawakuitwa mawakala. Muyaka bin Haji wa Mvita alifariki yapata mwaka 1840, wala hakuacha diwani iliyopigwa chapa. Mashairi yake yalibaki vichwani mwa watu mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipoyakusanya pamoja na W. E. Taylor, na yakaja kutolewa kitabuni na William Hichens mwaka 1940. Yapata miaka mia ilipita, na lau si amana ya Mwalimu Sikujua tungebaki na jina tu. Mwaka 1971 Malenga wa Mvita ya Ustadh Ahmad Nassir Juma Bhalo ilipotoka, Shihabuddin Chiraghdin alikuwapo kuihariri na kuifafanulia wasomaji.

Na hapa karibu na Ruiru lipo gereza la Kamiti. Abdilatif Abdalla alifungwa kuanzia mwaka 1969 kwa waraka wake Kenya: Twendapi?, na akaishi kifungo chake Kamiti na Shimo la Tewa. Mashairi aliyoyatunga humo, mengine juu ya karatasi za msalani, yalitolewa nje kwa siri. Nduguye, Sheikh Abdilahi Nassir, wakati huo alikuwa mtu wa Oxford University Press. Sauti ya Dhiki ilichapishwa na shirika hilo mwaka 1973, na mwaka 1974 ikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta. Mfungwa asiye na kalamu yake mwenyewe alifika kwa mchapishaji bila wakala, nawe uliye huru Thika, mwendo wa matatu moja tu hadi Nairobi, waambiwa huwezi?

Waliyokuwa nayo wazee hao ni msomaji mwaminifu ajuaye lugha, mwenye kusema hapa umepatia na hapa umekosea. Huyo ndiye wa kumtafuta kwanza. Wengi wao wako misikitini, shuleni na barazani, na ujira wao ni heshima.

LA KUFANYA

Ukishaupata mswada ulio safi, upeleke mwenyewe. East African Educational Publishers, Longhorn, Oxford University Press na Kenya Literature Bureau hupokea miswada kutoka kwa waandishi wenyewe. Tazama kwanza kila mmoja huchapisha nini, maana anayeishi kwa vitabu vya shule hatashtushwa na diwani ya mapenzi. Baki na nakala. Yapo pia mashindano. Tuzo ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na baadaye ikaitwa Safal-Cornell, imekuwa ikipokea miswada kutoka kwa waandishi wenyewe. Mohammed Ghassani alishinda kwa mashairi ya N'na Kwetu mwaka 2015. Tena usimchanganye mchapishaji na mpiga chapa. Mchapishaji hutia pesa zake katika kitabu chako. Mpiga chapa hulipwa na wewe, na akishakukabidhi maboksi kazi yake imekwisha.

Akija mtu na karatasi ya kutia sahihi, awe wakala au mchapishaji, usiwe na haraka. Uliza: ni kwa muda gani? Ni kwa lugha zipi na nchi zipi? Asilimia ni ya bei ya dukani au ya pesa zilizobaki baada ya makato? Pesa zitapita kwa nani, na hesabu italetwa lini? Tukitaka kuachana tutaachanaje? Mali bila daftari hupotea bila habari. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ile ya deni katika Suratul-Baqara, inatuamrisha tuandike na tuweke mashahidi. Itakuwaje tuitii dukani na tuisahau katika kitabu?

Zaidi ya yote, chunga hakimiliki yako. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, hakimiliki haiuzwi kwa maneno matupu. Sharti pawe na maandishi na sahihi. Nayo hudumu uhai wote wa mwandishi, kisha miaka 50 tangu mwisho wa mwaka aliofariki. Maana yake ni kwamba hiyo ni mali ya kurithiwa, kama shamba la minazi. Anayeitia sahihi yote kwa shilingi elfu chache kwa kuwa ana haja ya kodi ya chumba mwezi huu, ameuza na fungu la watoto ambao hajawazaa.

Vijana wetu wanaandika, na wanaandika vizuri. Nimeisoma miswada yao na najua nisemalo. Itakuwa hasara yetu sote wakivunjika moyo kwa kumkosa mtu ambaye hawakumhitaji, au wakiibiwa na mtu ambaye hakuwa na cha kuwauzia. Asiyekuwapo na lake halipo. Kuwapo kwako, ewe mwandishi, ni kuijua kazi yako, kuijua bei yake, na kubisha mlango kwa mkono wako mwenyewe.