Halmashauri Inanunua. Inalipa Lini?

Katika wilaya nyingi za Tanzania hakuna mteja anayeifikia halmashauri kwa ukubwa. Inanunua saruji, nondo na bati za madarasa, rimu za karatasi na wino wa printa, matairi, madawati, vitanda vya zahanati, sabuni, chakula cha semina, ulinzi wa usiku na usafi wa soko. Halmashauri ziko 184, na kila moja huanza bajeti mpya Julai Mosi. Kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi au kikundi cha mafundi seremala, mteja wa namna hii ndiye angepaswa kugombewa. Lakini wafanyabiashara wadogo wengi wanamkwepa, na wanaomkwepa zaidi ni wale waliowahi kumuuzia.

Mjadala wetu kuhusu zabuni umekaa mno mlangoni: nani anaingia, nani anazuiwa, nani anajuana na nani. Ni maswali ya haki na hayajaisha. Hata hivyo mlango umefunguka kuliko tunavyokiri. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika Juni 2024, inazitaka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya ununuzi wao kwa makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Zabuni sasa ziko mtandaoni, kwenye mfumo wa NeST uliochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023. Zamani ilibidi ujue ni lini tangazo litabandikwa ubaoni, na pengine ujue nani atalibandua kabla hujafika. Sasa mwenye duka Newala anaweza kuliona tangazo saa ileile linapoonekana Dar es Salaam. Kujisajili kuna usumbufu wake: TIN, leseni ya biashara, uthibitisho wa kodi, risiti za EFD, na kwa vikundi, kupita kwanza kwa afisa maendeleo ya jamii. Ni usumbufu unaovumilika.

Kinachomtoa mtu mdogo kwenye biashara hii ni siku zinazopita kati ya kushusha mzigo na kuona fedha benki.

Turudi mwaka 2021. Serikali ilipata mkopo nafuu wa Sh trilioni 1.3 kutoka IMF kukabiliana na athari za Uviko-19, na sehemu ya fedha hizo ikajenga madarasa 15,000 kwa muda mfupi. Ujenzi ulifanyika kwa utaratibu wa force account: fedha zinaingia kwenye akaunti ya shule, kamati za shule na jamii zinanunua vifaa, zinavipokea, zinasimamia, na fundi wa karibu anajenga. Kulikuwa na kasoro, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) amezitaja mara nyingi katika ripoti zake kuhusu utaratibu huu: kumbukumbu zisizokamilika, bei zisizolinganishwa, vifaa visivyopita kwenye vitabu vya stoo. Lakini tazama kilichotokea kwa wauzaji. Duka la vifaa vya ujenzi lililoko kwenye kata, ambalo lisingethubutu kuomba zabuni ya halmashauri, liliuza saruji kwa serikali. Halikuhitaji upendeleo wa asilimia 30 wala semina ya ujasiriamali. Lilihitaji jambo moja, nalo lilikuwepo: fedha zilikuwa zimeshafika kabla mnunuzi hajaja dukani.

Sasa linganisha na LPO, yaani hati ya agizo la ununuzi, ya kawaida ya halmashauri. Mkurugenzi anaidhinisha, kitengo cha manunuzi kinatoa hati, mfumo unakagua kama kasma ina salio, na salio lipo. Mzabuni anaona hati yenye mhuri, anaamini fedha zipo. Hazipo. Kilichopo ni ruhusa ya kutumia fedha zikipatikana. Kama fungu ni la ruzuku, zinasubiriwa kutoka Hazina. Kama ni la mapato ya ndani, zinasubiriwa kutoka sokoni, stendi, machimboni au mashambani. Bajeti ilikadiria kiasi fulani, makusanyo yakaleta pungufu, na pengo likabebwa na yule aliyekwisha leta mzigo. Kwa maneno mengine, halmashauri imekopa kwake bila riba, bila tarehe ya kurejesha, na bila kumuuliza.

Ukitaka kuona jambo hili waziwazi, nenda kusini. Halmashauri za Tandahimba, Newala na Masasi hutegemea sana ushuru wa korosho. Minada ya korosho kwa kawaida huanza Oktoba, fedha huingia kwa kishindo kwa miezi michache, kisha hukauka. Mzabuni anayepeleka samani Novemba na anayepeleka samani Mei wana hati za aina moja, bei moja na mnunuzi mmoja, lakini hawako katika biashara moja. Hilo haliandikwi kwenye tangazo lolote la zabuni. Anayelijua ni mzoefu, na mzoefu ana mtaji wa kungoja msimu ujao.

Ndiyo maana nasema ucheleweshaji wa malipo ni kichujio. Unawabakiza wale wanaoweza kulala na deni miezi sita au mwaka, na unawaondoa walewale ambao sheria ilitaka kuwaingiza. Mwenye kampuni kubwa ana overdraft benki. Mama mwenye steshenari ana mkopo wa mtaani, ule tunaouita kausha damu, ambao riba yake humaliza faida yote kabla ya mwezi wa pili. Na anayebaki naye anajifunza. Akijua atalipwa baada ya miezi minane, anaipandisha bei ya rimu mapema ili ilipie kungoja kwake. Kisha tunashangaa kwa nini serikali inanunua karatasi kwa bei kubwa kuliko ya dukani, na tunatafuta mwizi. Mara nyingine mwizi yupo kweli. Mara nyingi tunachokilipia ni ucheleweshaji wetu wenyewe, na anayekigharimia ni mwananchi aliyetoa ushuru.

Kuna jambo linalonikera zaidi ya yote haya. Kwa mujibu wa sheria, kila halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kuwakopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu bila riba, kwa mgawanyo wa nne, nne na mbili. Mikopo hii ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya fedha nyingi kutorejeshwa na vikundi hewa kugunduliwa, kisha ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Sasa chukua mfano wa kikundi cha vijana waliokopa, wakanunua mashine ya kuchomelea na mbao, wakapata LPO ya madawati ya halmashauri ileile iliyowakopesha. Madawati yanapelekwa, wanafunzi wanayakalia, malipo hayatoki. Tarehe ya marejesho inafika. Barua ya kuwadai inatoka ofisi ya maendeleo ya jamii, ilhali fedha zao ziko ofisi ya mweka hazina, kwenye korido hiyohiyo. Kikundi hicho kinaandikwa kuwa kimeshindwa. Dawa ya deni ni kulipa, lakini hapa mdai na mdaiwa ni mtu mmoja, na anayeitwa mkaidi ni yule asiye na kitu.

Wakurugenzi wana utetezi wao, na una uzito. Hawachapishi fedha. Mradi ukiagizwa kutoka juu ukamilike kabla ya ziara au kabla ya Juni 30, mkurugenzi anaagiza kwanza na kuomba fedha baadaye. Wapo pia wazabuni wanaoleta meza za mbao mbichi zinazopinda baada ya mvua ya kwanza, na kamati ya mapokezi ikikataa mzigo wanalalamika kuwa wanacheleweshewa haki yao. Vipo vikundi vya wanawake ambavyo nyuma yake yuko mfanyabiashara mmoja mwenye suti, anayewapa posho ya kutia saini. Haya yote ni kweli. Hata hivyo hakuna hata moja linalohalalisha kumweka bila malipo muuzaji aliyeleta kitu kizuri, kikapokelewa, kikatumika.

Kwa anayetaka kuuza leo, kabla mambo hayajarekebishwa, ushauri wangu ni wa kiutendaji. Soma mpango wa ununuzi wa mwaka wa halmashauri yako kwenye NeST mapema, Julai na Agosti, kabla ya kukimbizana na matangazo. Uliza chanzo cha fedha ni kipi: mapato ya ndani, ruzuku au mradi wa mfadhili. Fedha za mradi zilizokwisha ingia ni salama kuliko ahadi ya makusanyo. Unapopanga bei, kumbuka kodi ya zuio: asilimia 2 kwa bidhaa na 5 kwa huduma itakatwa kwenye malipo yako. Na mtu akikupigia simu jioni akisema "leta tu, LPO itafuata", usilete, hata kama ni mtu unayemheshimu. Mzigo uliopokelewa bila hati hauna mtetezi. Anayekupigia anaweza kuhamishwa wiki ijayo, na anayekuja hatakufahamu. Fedha yako ya mtaji isiingie yote kwenye oda moja ya serikali.

Lakini ni dhuluma kumwachia muuzaji mdogo kazi yote ya kujilinda. Ningependa kuona halmashauri zikijifunga kwamba, kwa ile asilimia 30 iliyotengwa, LPO haitoki mpaka fedha zenyewe ziwe zimetengwa kwenye akaunti. Itapunguza idadi ya oda, na afisa atasema tumewanyima vijana kazi. Nakubali zitapungua. Bora vikundi vitatu viuze na kulipwa kuliko kumi viuze na kufilisika. Pili, kikundi chenye mkopo wa asilimia 10 kinachoidai halmashauri kisimamishiwe marejesho mpaka kilipwe, au deni likatwe humo humo. Hilo halihitaji fedha mpya, linahitaji ofisi mbili za jengo moja kuzungumza. Tatu, anayedai kwa muda mrefu zaidi alipwe kwanza, kwa orodha iliyo wazi, ili kupanda ngazi kumwona mhasibu kusiwe njia ya kulipwa.

Madiwani wanaweza kuanza na hili la tatu mwezi huu. Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango hukutana kila mwezi na hupokea taarifa ya mapato na matumizi. Waagize taarifa hiyo iongezewe ukurasa mmoja: jina la kila mzabuni anayedai, kiasi anachodai, na tarehe mzigo wake ulipopokelewa.