Mvua ileile, mafuriko tofauti: Siri iko kwenye udongo

- Mvua ya milimita 50 inaweza kupita kimya au kuzamisha nyumba, kutegemea udongo ulikuwa umeloa kiasi gani.
- Hatari huongezeka mwishoni mwa msimu, hata kama mvua yenyewe ni ya kawaida.

Novemba mvua inanyesha usiku kucha, asubuhi mto umepanda kidogo tu. Aprili inanyesha mvua ya kiasi kilekile, na kufikia asubuhi watu wanahamisha magodoro. Kilichobadilika ni ardhi iliyoipokea.

Aprili 25, 2024, Kassim Majaliwa, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Tanzania wakati huo, aliliambia Bunge jijini Dodoma kuwa mvua za El Niño zilizoambatana na mafuriko, upepo mkali na maporomoko zimesababisha vifo vya watu 155 na kuathiri zaidi ya watu 200,000. Mwezi huohuo, makazi na mashamba ya Rufiji na Kibiti yalikuwa chini ya maji.

Sehemu kubwa ya maji ya Mto Rufiji hutoka kwenye mito ya Kilombero, Ruaha Mkuu na Luwegu. Huko juu mvua huanza karibu Novemba na kuendelea hadi Aprili. Maana yake, mvua za mwisho hukuta udongo umeshakunywa kwa miezi kadhaa.

Udongo ukishiba, maji yanakwenda wapi?

Chukua sponji ya kuoshea vyombo. Ikiwa kavu, ukiimwagia maji inayanyonya. Ikishajaa, tone linaloongezeka linamwagika pembeni. Udongo nao una matundu madogo yanayohifadhi maji. Yakijaa, mvua inayofuata inatiririka juu ya ardhi, inaingia kwenye vijito, kisha mtoni, tena kwa haraka.

Wataalamu wa maji wana njia ya kukadiria hali hiyo, iliyobuniwa na idara ya hifadhi ya udongo ya Marekani miaka ya 1950. Njia hiyo huangalia mvua ya siku tano zilizopita, kisha huipa ardhi moja ya hali tatu: kavu, ya wastani au iliyoloa.

Tuseme shamba la hekta moja, lenye udongo usionyonya sana wala kidogo sana, limepata mvua ya milimita 50. Hizo ni lita 500,000. Kwa hesabu ya njia hiyo, maji yatakayotiririka ni takriban:

- Udongo mkavu: lita 7,000
- Udongo wa hali ya wastani: lita 93,000
- Udongo ulioloa: lita 239,000

Tofauti kati ya mkavu na ulioloa ni zaidi ya mara 30, na mvua haijaongezeka hata tone. Zidisha kwa maelfu ya hekta zinazomwaga maji kwenye mto mmoja, utaelewa kwa nini watu wa bondeni wanaweza kufurika wakati kwao jua linawaka.

Kwa hiyo ardhi kavu ni salama?

Siyo kila mara. Udongo uliokaushwa na jua muda mrefu huweza kufanya gamba gumu juu, na mvua ya kishindo ikaslaidi bila kupenya. Kenya ilipitia misimu mitano mfululizo ya mvua hafifu kuanzia mwishoni mwa 2020, lakini mvua za mwishoni mwa 2023 zilileta mafuriko makubwa, hasa kaskazini mashariki.

Mjini nako hesabu ni nyingine. Palipojaa lami, zege na mabati, kama kando ya Mto Msimbazi jijini Dar es Salaam, maji hayapati hata nafasi ya kuufikia udongo.

Kipi cha kuangalia?

Utabiri mwingi unaomfikia mwananchi husema mvua itakuwa "wastani hadi juu ya wastani". Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni nafasi iliyobaki ardhini.

Setilaiti zinasaidia. SMAP ya NASA, iliyorushwa 2015, hupima unyevu wa udongo, ila huona sentimita tano tu za juu, na mto hutegemea pia kilichoko chini zaidi. Ndiyo maana kipima mvua cha kijijini bado kina kazi: jumla ya mvua ya siku tano zilizopita ni taarifa rahisi inayoweza kutumwa kwa SMS pamoja na utabiri.

Kwa anayeishi kando ya mto, kosa linaloweza kugharimu maisha ni kusema "mvua kama hii ilinyesha mwezi jana na hatukufurika". Mwezi jana udongo ulikuwa na nafasi. Kama umenyeshewa siku kadhaa mfululizo na mvua nyingine imetangazwa, wakati wa kuhamisha watoto, mifugo na magunia ni kabla haijaanza.