Neno Halina Maana Moja

Mwalimu mwanafunzi aghalabu huandika neno jipya ubaoni, akaweka kando yake neno jingine lenye maana hiyo, akadhani somo limekwisha. Mimi sikubaliani na njia hiyo.

Tazameni neno la Kiayalandi, *neart*, ambalo kamusi hulifasiri kuwa nguvu. Ni neno kongwe: katika Kiayalandi cha kale lilikuwa *nert*, na ndugu yake wa Kiwelisi ni *nerth*. Wataalamu hulihusisha na shina lililozaa pia neno la Kigiriki *aner*, yaani mwanamume. Asili hiyo yapendeza, lakini haimwambii mtu namna ya kulitumia. Mwayalandi akitaja *neart airgid*, ana maana ya fedha tele. Akisema *Níl neart agam air*, hana la kufanya juu ya jambo hilo. Aliyekariri “nguvu” peke yake atapotea papo hapo.

Watoto wetu nao hupotea vivyo hivyo. Mtakapofundisha neno “nguvu”, andikeni kwanza: “Dawa hii ina nguvu”, “Alimnyang’anya kwa nguvu”, “Sheria imeanza kupata nguvu”. Kisha nyamazeni, watoto waeleze wenyewe tofauti wanazoziona.