Kisu Hakiishii Ofisini

Katika majiko ya hoteli utaisikia kauli hii, nusu ikiwa utani: mpishi akianza kufundisha, ujue ameishiwa. Akipewa ukuu wa chuo ndiyo kabisa, huyo sasa ni mtu wa mafaili. Kauli hii inapendeza kwa sababu watu wa jikoni huheshimu jasho, na ofisini hakuna moto. Kosa lake ni kudhani kwamba kufundisha upishi ni kupika kulikopunguzwa makali.

Mtazame Jacques Pépin, aliyezaliwa Bourg-en-Bresse, Ufaransa, mwaka 1935. Akiwa na miaka 13 aliingia uanagenzi katika jiko la hoteli. Mwanagenzi wa siku hizo haelezwi kitu. Anaangalia, anaiga, anakemewa, mpaka mkono unajua. Njia hiyo ilizaa wapishi hodari, ila wengi wao hawawezi kusema wanachokifanya. (Aliyewahi kumuuliza shangazi yake chumvi kiasi gani, akajibiwa "ya kutosha", ananielewa.)

Mwaka 1959 Pépin alihamia Marekani, akapika Le Pavillon, mgahawa wa Kifaransa uliovuma sana New York. Baadaye akakataa kazi ya kuipikia Ikulu ya Kennedy, akaenda Howard Johnson's, kampuni ya migahawa ya kando ya barabara kuu. Wenye kauli yetu wangesema hapo ndipo alipoanza kuporomoka. Mimi naona hapo ndipo mwalimu alipoanza kuiva. Chakula cha kampuni ya namna hiyo lazima kiwe na ladha ileile kila tawi, kikipikwa na watu ambao hawajawahi kumwona aliyekibuni. Huwezi kuwaambia "ya kutosha". Alikaa huko miaka kama kumi.

Mwaka 1974 ajali ya gari ilimvunjavunja mifupa, na kusimama jikoni kutwa kukawa hakuwezekani tena. Naam, alilazimika kubadili njia. Lakini kilichomsukuma mtu kwenye kazi hakipimi ubora wa kazi yenyewe. Miaka miwili baadaye alitoa kitabu *La Technique*, kinachoonyesha kwa picha, hatua kwa hatua, mikono ikifanya yale ambayo yeye utotoni hakuelezwa. Mwaka 1988 akawa mmoja wa wakuu wa mafunzo katika French Culinary Institute, chuo alichokianzisha Dorothy Cann Hamilton jijini New York mwaka 1984.

Wapinzani wana hoja nzito zaidi ambayo hawaitumii: chuo kinahitaji kweli kuongozwa na mpishi? Culinary Institute of America ilianza New Haven mwaka 1946 kuwafundisha askari waliorudi vitani, na kiongozi wake wa kwanza, Frances Roth, alikuwa mwanasheria. Chuo kilisimama imara. Hata hivyo, mwaka 2001 uongozi wake ulishikwa na Tim Ryan, mpishi aliyehitimu hapohapo mwaka 1977.

Mpishi anaongeza nini, basi? Fikiria bajeti. Wanafunzi wa upishi huharibu siagi, mayai na nyama kila siku, na mhasibu akiyaona hayo atataka yapunguzwe. Anayejua kwamba mchuzi wa mayai hukatika mara nyingi kabla mkono haujaelewa moto, ndiye atakayekaa kikaoni akayatetea mayai hayo hadi senti ya mwisho.