Kifaru chako kinaelea, buda

Wasee, najua kuna watu watanuna, lakini wacha niseme. Rangi ya kifaru chako ni moto, shida ni kwamba kinaelea. Inama, weka jicho sawa na meza. Unaona mwanga chini ya gurudumu la tatu? Haya basi.

Mimi pia niliaibika. T-34 yangu ya kwanza, ile ya 1:35, niliiwekea akiba miezi mitatu, nikaiunganisha jioni moja, kesho yake rangi. Baba ni makanika. Akaichungulia, akauliza, "Kijana, hii ni tani ngapi?"

"Ya ukweli ilikuwa kama 30, Baba."

"Sasa mbona imesimama kama lori tupu?"

Manze, nilikosa jibu.

T-34 ina magurudumu matano makubwa kila upande, kila moja na mkono wake, springi zimefichwa ndani ya bodi. Mpango huo ulitoka kwa Mmarekani, J. Walter Christie, Wasovieti wakaununua mwanzoni mwa miaka ya 1930. Gurudumu likipanda jiwe linainuka peke yake, na uzito wa kifaru unakandamiza springi zote. Plastiki yako haikandamizi chochote. Ndio maana mimi sina imani na zile springi ndogo zinazocheza. Ukibonyeza kwa kidole ni raha, ukiachilia, lori tupu tena. Afadhali ugandishe.

Na usigandishe na supagluu, hiyo haikupi nafasi ya kujuta. Tumia gundi ya plastiki inayokauka polepole. Bandika mikono, vika magurudumu bila gundi, simamisha kifaru juu ya kipande cha kioo, kisha sukuma mkono mmoja mmoja mpaka yote kumi yaguse. Kilaze hivyo usiku mzima. Ukitaka kipande jiwe, kata kile kipini cha mkono, inua mkono, gandisha hapo. Na kama magurudumu ya mpira yamechanganyika na ya chuma tupu, tulia. Mwaka 1942 mpira uliadimika, na kuna T-34 zilizoenda vitani hivyo hivyo.

Halafu mnyororo. T-34 haina vile vigurudumu vidogo vya juu, so mnyororo mzito unalala juu ya magurudumu yenyewe. Wa kwenye seti ukiwa wa mpira, unanyooka kama kamba ya nguo. Ukandamize juu ya kila gurudumu, na hapa sasa supagluu ruhusa.

Ya pili ilinichukua wiki mbili kabla hata sijafungua rangi. Kabla sijavisha mnyororo, Baba alikuja na karatasi, akajaribu kuipitisha chini ya kila gurudumu. Haikupita hata moja. Hakunisifu. Aliuliza tu ile ya Tiger ni pesa ngapi.