Marupurupu yasimhadae mwalimu anayestaafu

MWALIMU wa umma anayepanga uzeeni kwa kutazama mshahara wote wa leo anajihadaa, kwani pensheni hukadiriwa kwa mshahara wa kimsingi pekee.

Katika mpango wa zamani, miezi ya utumishi huzidishwa kwa mshahara wa mwaka, kisha kugawanywa kwa 480. Aliyetumikia miezi 360, akistaafu na Sh60,000 kwa mwezi, hustahiki Sh45,000. Akichukua robo kwa mkupuo, hupata Sh2.7 milioni, na Sh33,750 kila mwezi.

Waliokuwa chini ya miaka 45 mpango mpya ulipoanza Januari 2021 hawana uhakika huo. Hukatwa asilimia 7.5, serikali ikichanga 15. Mengine huamuliwa na faida ya uwekezaji. Kwao, kuweka akiba ya ziada mapema ni lazima.